Christopher Okigbo: Mpiga Mbiu Aliyekwenda Vitani

Assalaam aleykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, malenga wa mji huu, na nyinyi wanafunzi mliojibana pale nyuma karibu na mlango, karibuni. Nafasi huku mbele zipo, lakini sitawalazimisha.

Niliombwa nizungumze juu ya msanii kijana aliyekufa akiwa askari. Najua jina lililowajia wengi wenu. Kwa mtu aliyepita katika shule zetu, mshairi wa vitani ni Mwingereza. Ni Wilfred Owen, aliyeuawa Ufaransa tarehe 4 Novemba 1918, vita vikiwa vimebakisha wiki moja kwisha. Sina ugomvi na Owen, na mashairi yake nimeyafundisha. Ila Afrika nayo ina wake, na huyu wa leo alifunguliwa mashtaka na mwana wa Mombasa. Alishtakiwa akiwa maiti tayari, mbele ya mahakama ya wafu. Wanaomfahamu Profesa Ali Mazrui wameshajua naelekea wapi. Wengine nawaomba subira, maana mshtakiwa lazima tumjue kwanza.

Jina lake Christopher Okigbo. Kwao ni Ojoto, kijiji kisicho mbali na mji wa Onitsha, mashariki mwa Nigeria, katika nchi ya Waigbo. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule za misheni za Kikatoliki, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye misa na katekisimu. Lakini Ojoto pana mto, na mto ule una mwenyewe: Idoto, ambaye watu wa pale humwita mama. Babu yake mzaa mama alikuwa kuhani wa madhabahu ya mto huo. Christopher alipozaliwa, jamaa zake walisema kwamba huyu ni babu amerudi. Ukuhani ukawa wake tangu utotoni, mjomba akamshikia nafasi mpaka akue. Alipokuwa mtu mzima, msomi wa Kilatini na Kigiriki, aliulizwa habari hiyo na mwandishi mmoja, naye akaieleza kama mtu anayetaja anwani ya nyumba yake. Yeye ni babu yake, na kutunga mashairi ndiyo njia yake ya kutimiza ukuhani.

Alisoma Umuahia, shule ileile aliyosoma Chinua Achebe, kisha akaingia chuo cha Ibadan kusomea udaktari. Udaktari akauacha njiani, akahamia kwa Virgil na Wagiriki, akahitimu mwaka 1956. Baada ya hapo ni kazi juu ya kazi: kampuni ya tumbaku, ualimu wa Kilatini katika shule ya sekondari ya Fiditi, ukutubi katika chuo kikuu kipya cha Nsukka, kisha uwakilishi wa wachapishaji wa Cambridge katika Afrika Magharibi. Kila mahali alipokaa aliacha marafiki, na kila mahali aliondoka. Wanaomkumbuka humtaja kama mtu wa furaha, mchezaji, mpiga soga, na mpiga piano. Wole Soyinka alipopanda jukwaani kuimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza, aliyekuwa kwenye piano ni Okigbo.

Hilo la piano naomba mlishike. Watu humsoma Okigbo wakihangaika kutafuta maana mstari kwa mstari, halafu wanakata tamaa wanasema ni mgumu. Mgumu ni kweli. Lakini yeye mwenyewe alisema kwamba alipokuwa akiandika diwani yake ya kwanza, Heavensgate, kichwani mwake walikuwemo watunzi wa muziki wa Kifaransa, kina Debussy na Ravel. Alikuwa akipanga sauti. Mashairi yake mengine ameyaandikia ala za kuandamana nayo: hili kwa filimbi, lile kwa ngoma ya gogo. Sisi wa pwani hilo halitupi taabu, maana hakuna hapa aliyejifunza utenzi kwa macho. Tumejifunza kwa masikio, maana ikaja miaka baadaye, na mingine haijaja bado.

Heavensgate ilitoka Ibadan mwaka 1962, imechapishwa na Mbari, ile klabu ya waandishi na wachoraji. Inafungukia mtoni. Msemaji amesimama mbele ya Mama Idoto, yu uchi, miguu mitupu, ameegemea mti, ni mwana mpotevu anayeomba kupokewa. Wakristo watamkumbuka mwana mpotevu wa Injili, na Waigbo watauona mto wao. Okigbo aliviweka vyote viwili katika beti chache bila kuomba radhi kwa upande wowote.

Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, alikuja huku kwetu. Namaanisha Kampala, Makerere, kwenye ule mkutano wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Walikuwepo Achebe, Soyinka, J. P. Clark, Ezekiel Mphahlele, na Langston Hughes kutoka Marekani. Alikuwepo pia mwanafunzi mmoja wa Makerere akiitwa James Ngugi, ambaye baadaye mlimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Hakuwepo Shaaban Robert, kwa sababu lugha aliyoandikia haikuwa kwenye mwaliko. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962. Ngũgĩ hakulisahau jambo hilo maisha yake yote, na mimi kila nikitaja mkutano wa Makerere huona nina deni la kulisema.

Basi katika mkutano huo Okigbo alitoa kauli iliyomfuata mpaka kaburini, ingawa kaburi lenyewe hana. Alisema yeye mashairi yake hawasomei watu wasiokuwa washairi. Unaweza kuliita majivuno. Mimi naona palikuwa na ujana ndani yake, na palikuwa na uchokozi pia. Mkutano mzima ulikuwa ukibishana fasihi ya Kiafrika ni ipi na ni ya nani, na huyu bwana anawajibu kwamba ni ya wenye kazi. Akawa mhariri wa Afrika Magharibi wa jarida la Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogy hapo Kampala mwaka 1961, na tungo zake zikapita katika kurasa zake. Kwa hiyo sehemu ya kazi ya mtu huyu iliwahi kunuka wino wa Kampala kabla dunia haijaisoma London.

Miaka minne baadaye, 1966, palifanyika Dakar tamasha kubwa la kwanza la dunia la sanaa za watu weusi, chini ya Rais Senghor. Okigbo alipewa tuzo ya ushairi. Akaikataa. Sababu yake ilikuwa kwamba hakuna kitu kinachoitwa ushairi wa watu weusi, kuna ushairi mzuri na ushairi mbaya.

Sasa tazameni. Mtu anayesema hivyo mwaka 1966, mwaka unaofuata amekufa akipigania jimbo la watu wake. Hapo ndipo wengi wanapoona mkato: kwamba kulikuwa na Okigbo wawili, msanii na askari, na kwamba wa pili alimuua wa kwanza. Nimekuja kupinga hilo, na ushahidi wangu umo katika mashairi.

Rudini nyuma kidogo. Lumumba aliuawa Januari 1961. Kifo kile kilimgusa kila mtu aliyekuwa na akili timamu Afrika, na Okigbo aliandika maombolezo ya masista walionyamaza, wanawake wanaotazama jambo linatendeka wasipate sauti ya kulilia. Mwenyewe alieleza kwamba yalitokana na kifo cha Lumumba pamoja na machafuko ya magharibi mwa Nigeria mwaka 1962. Yakafuata maombolezo ya ngoma, ambayo nyuma yake kuna kufungwa jela kwa Obafemi Awolowo, kiongozi wa upinzani, na kifo cha mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo yule asiyewasomea wasio washairi alikuwa tayari anaombolezea mambo ya sokoni na bungeni. Lugha yake ilikuwa bado imejifunika buibui, lakini alishatoka nje ya nyumba.

Kisha ikaja Path of Thunder, mashairi ya radi, aliyoyaandika kati ya Desemba 1965 na Mei 1966. Hapo buibui limevuliwa. Magharibi ya Nigeria ilikuwa inaungua baada ya uchaguzi ulioibwa. Tarehe 15 Januari 1966 maafisa vijana wa jeshi walipindua serikali, wakamuua Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa na viongozi wengine. Watu wengi kusini walishangilia. Okigbo naye katika mashairi hayo anaonekana kushangilia radi, halafu papo hapo anaanza kuogopa: tembo ameanguka, lakini wawindaji wanagombania nyama. Na ndani ya shairi anajitaja kwa jina, jambo ambalo mshairi wa Heavensgate asingelifanya. Anasema yeye, Okigbo, ni mpiga mbiu, na kwamba asipojifunza kufunga mdomo ataingia motoni pamoja na kengele yake ya chuma.

Mpiga mbiu ni nani? Nyinyi mnamjua. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mpiga mbiu hachagui wasikilizaji. Anapita mitaa yote, wauza samaki wasikie, na mwenye nyumba aliyefunga madirisha asikie. Ndiyo kusema kati ya Makerere na mwanzo wa 1966 mtu huyu alikwisha vuka kutoka chumba cha washairi mpaka barabarani, na hakuwa ameshika bunduki. Ushairi wake ulitangulia. Yeye akaufuata.

Mengine mnayajua au mtayasoma. Julai 1966 yakaja mapinduzi ya pili, ya kulipiza. Waigbo waliokuwa wakiishi kaskazini waliuawa kwa maelfu, na mamia ya maelfu wakakimbilia kwao mashariki, wengine wakiwa na majeraha na wengine na nguo walizovaa tu. Tarehe 30 Mei 1967 Ojukwu, gavana wa kijeshi wa mashariki, akatangaza kwamba mashariki imejitenga na inaitwa Biafra. Julai vita vikaanza.

Okigbo wakati huo yuko Enugu. Pamoja na rafiki yake Achebe wameanzisha kampuni ndogo ya uchapishaji, Citadel Press. Na kitabu walichokuwa wakikishughulikia kilikuwa cha watoto. Ni ngano ya chui mfalme aliyekuwa mpole, akafukuzwa kwenye nyumba ya pamoja waliyoijenga wanyama kwa sababu mbwa alikuwa na meno na yeye hana. Mnaona wenyewe ngano hiyo inazungumzia nini. Okigbo alimtungia paa wimbo wa maombolezo ndani yake, paa aliyefungiwa nje kwenye mvua. Kitabu kilikuja kutoka baada ya vita, mwaka 1972, na wimbo wa paa umo. Huyu ndiye aliyesema hasomei wasio washairi. Karibu na mwisho wa maisha yake alikuwa anawaandikia watoto kitu cha kuimba.

Kisha akaenda vitani kwa kujitolea. Hakupitia mafunzo ya kawaida ya afisa, akapewa cheo cha meja hukohuko mstari wa mbele. Angeweza kukaa. Mtu wa jina lake angepewa kazi ya propaganda, au angetumwa Ulaya kuzungumza, kama wengine walivyofanya, na hakuna ambaye angemwita mwoga. Alichagua Nsukka. Ni Nsukka ileile alikokuwa mkutubi na ambako sauti yake ya ushairi ilikomaa. Jeshi la serikali ya shirikisho lilikuwa limeshaingia huko tangu Julai. Septemba 1967, katika mapigano ya pande hizo, akauawa. Alikuwa katika miaka yake ya thelathini. Maiti yake haikupatikana kuzikwa kwao Ojoto.

Achebe alikuwa anaendesha gari aliposikia jina hilo kwenye redio. Alisimamisha gari kando ya barabara. Alipofika nyumbani na kuwaambia jamaa zake, mtoto wake wa kiume, wa miaka mitatu, alipiga kelele akimwambia baba yake asimwache Okigbo afe. Achebe alikuja kulitumia ombi hilo la mtoto kuwa jina la kitabu cha mashairi ya kumkumbuka rafiki yake, mwaka 1978.

Marafiki wale wanne wa Makerere vita viliwatawanya kila mmoja kwake. Achebe alizunguka dunia akiisemea Biafra. Soyinka, ambaye ni Myoruba, alivuka mpaka kwenda kutafuta njia ya kusimamisha vita, akarudi akakamatwa Agosti 1967, akafungwa zaidi ya miaka miwili, muda mwingi peke yake. Clark alibaki upande wa shirikisho. Urafiki na Achebe ukaharibika vibaya, na hata hivyo Clark alimlilia Okigbo katika diwani yake Casualties ya mwaka 1970. Diwani hiyo wanafunzi muitafute. Ndani yake anasema walioumizwa na vita hawaishii kwa waliokufa. Nimekuwa nikifikiri kwamba kati ya wale wanne, Clark ndiye aliyepata mtihani mgumu kuliko wote, maana alilia kutoka upande uliofyatua risasi, na hakuna aliyempigia makofi kwa hilo. Lakini hiyo ni hotuba nyingine.

Tanzania iliitambua Biafra tarehe 13 Aprili 1968, ikiwa nchi ya kwanza duniani. Uamuzi huo wa Mwalimu Nyerere bado unabishaniwa kwenye mabaraza. Okigbo wakati huo alikuwa ameshakufa miezi saba.

Sasa tuje kwenye mashtaka.

Profesa Mazrui, mwana wa Kadhi Mkuu Sheikh Al-Amin, mzaliwa wa hapa Mombasa, wakati huo akifundisha Makerere, aliandika riwaya moja tu maishani mwake. Ilitoka mwaka 1971 na inaitwa The Trial of Christopher Okigbo. Humo wafu wa Afrika wanaishi katika nchi yao, na wana mahakama. Okigbo analetwa kujibu shtaka: kwamba aliacha kipaji ambacho kilikuwa cha watu wote, akaenda kukifia kwa ajili ya kabila. Wakili wa kumtetea ni Mkenya, Hamisi. Anayetaka ahukumiwe ni Mghana, Apolo-Gyamfi. Mshtakiwa mwenyewe haongei sana, wanaobishana ni wanasheria, kama kawaida ya mahakama.

Mazrui alikuwa mtu wa hoja, na swali lake ni kubwa. Msanii mkubwa ni wa nani? Kama kipaji ni amana, mwenye amana anaruhusiwa kuitupa? Mimi nimemsoma kwa heshima, na kwa kuwa marehemu alirudi kuzikwa hapa hapa mwaka 2014, jirani na Ngome ya Yesu, namjibu kwa adabu kama mtu anayemjibu mwenye nyumba.

Kwanza, ukoo wa Mazrui ndio uliotawala mji huu mpaka mwaka 1837. Utawala ule ulipokuwa ukivutana na Sayyid Said, ni nani aliyekuwa akiwapa watu wa Mombasa moyo? Ni Muyaka bin Haji. Muyaka alitunga mashairi ya mapenzi, ya dhiki na ya mafumbo, na alitunga mashairi ya vita, akiutetea mji wake waziwazi dhidi ya Unguja. Hakuna Mswahili aliyewahi kumshtaki Muyaka kwamba ameishusha sanaa. Tunamwita bingwa. Wazo kwamba mshairi ana utii wa juu zaidi, nje ya watu wake, halikutoka Kuze wala Mji wa Kale. Msomi mwenye jina hilohilo la Mazrui alilichukua mahali pengine, akaja kumpimia nalo Mwigbo.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Swali lile linadhani damu ya mshairi ni nzito kuliko ya mwengine. Pale karibu na Nsukka waliokufa hawakuwa Okigbo na hewa. Walikufa wanafunzi, makarani, mafundi, wakulima wa viazi vikuu. Upande wa pili walikufa vijana kutoka kaskazini na magharibi na kati ambao vita hivyo hawakuvitaka. Hadi vinakwisha Januari 1970, watu wengi mno walikuwa wamekufa, na wengi wao ni njaa iliyowaua, watoto kuliko wote. Nani aliyewafungulia mahakama kuuliza kama walikuwa na haki ya kufa? Fundi seremala hana amana mikononi mwake?

Ila kuna mahali Mazrui amenishinda, nakubali. Alichungulia hasara. Na hapa nageuka niwaseme nyinyi, na mimi mwenyewe nikiwemo, tunaopenda kifo cha Okigbo. Kila mwaka husoma katika karatasi za wanafunzi kwamba mshairi huyu alitia muhuri kazi yake kwa damu. Naomba sentensi hiyo tuizike. Okigbo alikuwa mtu wa kurudia. Alichapisha shairi, akalibomoa, akalichapisha tena likiwa jingine. Mwaka 1965 alizipanga tungo zake kuu kuwa kitabu kimoja, Labyrinths, akaandika katika utangulizi kwamba hizi sasa ndizo za mwisho. Mashairi ya radi yakaja baada ya hapo, na hakupata nafasi ya kuyarudia. Yalichapishwa jaridani mwaka 1968 mwenyewe hayupo, kisha wachapishaji wakayaunganisha na Labyrinths mwaka 1971. Tunayoyasoma na kuyasifu kama wasia ni rasimu ya fundi aliyeitwa katikati ya kazi. Yapo mahali ambapo ukisoma kwa sauti unahisi angerudi kuurekebisha mstari huu. Damu haikutia muhuri. Ilizuia mkono.

Hata Liyongo wetu hali yake ndiyo hiyo. Mwulize mtoto yeyote wa Lamu au wa hapa, atakusimulia sindano ya shaba, na shujaa aliyepiga goti kisimani amevuta upinde, maiti, na mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji. Mwambie akusomee beti moja ya Liyongo mwenyewe. Kifo kizuri kina ulafi, humla mtu na kazi zake.

Nyumba ya Okigbo huko Enugu ilipigwa bomu, na karatasi nyingi zikateketea humo. Lakini si zote. Binti yake, ambaye naye ni msanii, alirithi zilizosalia, akaanzisha taasisi ya kumkumbuka baba yake mwaka 2005. Mwaka uliofuata Profesa Chukwuma Azuonye alizipitia na kuziorodhesha, na mwaka 2007 UNESCO ikaziingiza katika rejista yake ya kumbukumbu za dunia. Ndani yake mlikuwemo rasimu za wimbo wa taifa wa Biafra. Mlikuwemo pia mashairi ya Kiigbo.

Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Miaka yote wahakiki wakali walikuwa wakimshutumu kwamba ameitupa lugha ya mama akajificha nyuma ya Kilatini na Kiingereza kigumu. Kumbe huku ndani, pasipo mtu kumwona, alikuwa anajaribu mkono wake kwa lugha ya Ojoto. Huko ndiko njia ilikokuwa ikienda: kutoka kwa washairi wa Makerere, kwa mpiga mbiu, kwa paa wa watoto, mpaka lugha ya mto wenyewe. Jinsi ambavyo ingefika ndicho alichokufa nacho. Wanaotaka kumshtaki mtu kwa hasara hiyo, basi wawashtaki walioibia watu uchaguzi wa 1965, na waliowachinja majirani zao mwaka uliofuata, na waliouziana silaha. Orodha ni ndefu na wengine walikufa vitandani, wazee, wamevaa nishani.

Nimesema mengi na muda niliopewa nimeupita, mwenyekiti amekwisha nitazama mara mbili. Mipango ya jioni hii ni kwamba baada yangu lisomwe shairi. Nimechagua lile la mwisho katika mashairi ya radi, ambamo kondoo dume anaiomba kamba iliyomfunga, na nyota moja inaondoka nyingine inakuja. Tutalisoma kwanza kwa Kiingereza chake, kisha wanafunzi wangu wawili watalisoma kwa Kiswahili walichokitafsiri wenyewe. Tafsiri yao ina mahali ambapo mimi sikubaliani nao, tumebishana wiki nzima wakanishinda kwa wingi. Okigbo aliandika kwamba shairi hili lisomwe kwa ngoma, na kwa hiyo tumemleta mpigaji. Vijana, njooni mbele. Na nyinyi mlioko mlangoni sasa sogeeni, huku nyuma hamtasikia kitu.